Adapta ya Nyumbani kwa Lenzi za Zamani: Mwongozo Kamili wa Picha za Makro

Adapta za nyumbani, yaani zile bomba za kuunganisha lenzi ya zamani na kamera ya leo, ninazoletewa nizitazame zinaumwa ugonjwa mmoja. Urefu wake umepimwa kwa uangalifu wa sonara, lakini picha inatoka na ukungu mweupe katikati, au upande wa kushoto ni mkali na wa kulia umefifia. Mwenyewe huilaumu lenzi: "Hii ya zamani imeshachoka." Lenzi haina kosa.

Kwenye makro, yaani picha za vitu vidogo vilivyokuzwa, urefu wa adapta ndio wenye msamaha kuliko kitu kingine chochote. Ukikosea kwa milimita mbili, kitakachobadilika ni ukubwa wa mdudu ndani ya picha, tena kidogo tu. Yasiyosameheka ni matatu: adapta kukaa upande, ndani yake kung'aa, na unga wa plastiki kuingia kwenye kamera. Nguvu zako ziweke huko.

Nitaeleza adapta ya lenzi zenye thredi ya M42, yaani kipenyo cha mm 42 na hatua ya mm 1 kati ya jino na jino. Lenzi hizi ni nyingi na imara: Helios 44-2, Industar-61 L/Z, Super-Takumar na ndugu zao. Njia ni ileile kwa lenzi za mashine za kukuzia picha za chumba cha giza, ambazo nyingi zina thredi ya M39. Mwishoni kuna namna ya kuigeuza lenzi ukitaka kukuza zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo

Kusanya vyote kabla ya kukata chochote. Gundi ikishachanganywa haikusubiri utafute tochi.

- Lenzi ya M42 ambayo tundu lake la mwanga hufunguliwa na kufungwa kwa pete ya mkono.
- Kifuniko cha mdomo wa kamera yako, kile cha plastiki kinachozibia kamera isipokuwa na lenzi. Chukua viwili, cha kwanza mara nyingi ni cha kujifunzia.
- Pete yenye thredi ya M42 kwa ndani. Nzuri zaidi hutoka kwenye seti ya mirija ya makro ya M42, ambayo kwa kawaida ina vipande vya mm 7, 14 na 28. Ukikosa, tumia kifuniko cha nyuma cha lenzi cha kuzungusha, ukikate katikati.
- Kipande cha bomba la PVC. Upana wa ndani usipungue mm 42, na wa nje usizidi upana wa kifuniko.
- Gundi ya epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka polepole.
- Msumeno wa meno madogo, tupa ya nusu duara, drili na keekee ya mm 3.
- Msasa namba 120, 240 na 400, na kipande cha kioo bapa cha kuulaza juu yake.
- Kalipa, kile kipimo cha taya mbili cha kupimia unene na upana. Rula itafaa, ila macho yatachoka.
- Rangi nyeusi isiyong'aa, na karatasi nyeusi ya mahameli yenye gundi kwa nyuma.
- Spiriti, pamba, mkanda wa karatasi, tochi na barakoa.

Onyo la gundi. Usitumie ile ya kugandisha papo hapo. Mvuke wake hutua kwenye vitu vya jirani na kuacha utando mweupe kama unga, na kioo cha lenzi hakikwepi. Niliwahi kuitumia kwa haraka, lenzi ikiwa imefungwa palepale kwenye adapta, na asubuhi nikakuta kioo cha nyuma kimepauka kama kimepuliziwa pumzi ya baridi isiyofutika.

## Hatua ya 1: Ikague lenzi

Fungua tundu la mwanga hadi mwisho, washa tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Vumbi dogo si neno. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama utando wa buibui. Kuvu nyingi itakupa ukungu hata adapta iwe nzuri namna gani, na utatafuta kosa mahali lisipokuwepo.

Kisha zungusha pete ya tundu na uangalie kama mapanga, vile vibati vyembamba vinavyofunga tundu, yanasogea. Lenzi nyingi za M42 zina pini ndogo nyuma, na mapanga hayafungi mpaka pini ibonyezwe. Kama yako ina swichi ya A na M, weka M, umemaliza. Kama haina swichi, kata pete nyembamba ya plastiki ya kukaa ndani ya pete ya M42, ili lenzi ikifika mwisho wa thredi pini iwe imekandamizwa. Helios 44-2 haina pini hiyo kabisa, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuipendekeza kwa anayeanza.

Imekubali ikiwa ukizungusha pete kutoka f/2 hadi f/16 (namba ndogo ni tundu wazi, kubwa ni tundu dogo) unaona tundu likijifunga bila kukwama.

## Hatua ya 2: Piga hesabu ya urefu

Kila kamera ina umbali wake kutoka mdomoni hadi kwenye kihisi, kile kibati cha ndani kinachopokea picha; tuuite kina cha mdomo. Sony E ni mm 18, Nikon Z mm 16, Canon RF mm 20, Canon EF mm 44, Nikon F mm 46.5. Lenzi ya M42 inahitaji mm 45.46 ili ione vitu vya mbali kabisa. Kinachozidi hapo ndicho kinacholeta makro.

Kanuni ni fupi: ukuzaji ni ziada ya urefu ukigawanya kwa urefu wa fokasi wa lenzi, ile namba ya mm iliyoandikwa juu yake. Lenzi ya mm 58 ikiongezewa mm 58 inakupa 1:1, maana yake kitu cha milimita 10 kinaandikwa kwenye kihisi kwa milimita 10. Ikiongezewa mm 29, unapata nusu yake.

Tuchukue Helios ya mm 58 kwenye kamera ya Sony E, tunataka 1:1:

45.46 + 58 − 18 = mm 85.46

Adapta nzima basi iwe kama mm 85. Toa unene wa kifuniko, tuseme mm 4, na wa pete ya M42, mm 7. Bomba la kukata ni mm 74. Lenzi hiyohiyo kwenye Canon EF inataka adapta ya mm 59 na nukta, na kwenye Nikon F mm 57.

Angalia hiyo Nikon F. Kina chake kimezidi mm 45.46, kwa hiyo adapta ya kawaida isiyo na kioo ndani haiwezi kuionyesha M42 vitu vya mbali. Wengi wakisikia hivyo huiacha lenzi kabatini. Kwa makro kasoro hiyo haikuhusu hata kidogo.

Ushauri wangu: adapta ya kwanza ifanye ya 1:2. Ni fupi, haitikisiki, na mwanga haupotei sana. Ukiwa na seti ya mirija ya M42 utairefusha kwa kuongeza vipande mbele.

## Hatua ya 3: Kata bomba na unyooshe ncha

Hapa ndipo picha inapopatia au inapokosea, kwa hiyo usiende mbio.

Chukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, uizungushe kwenye bomba mara mbili, kingo zikutane sawasawa. Chora mstari kuifuata. Kata milimita moja nje ya mstari huku ukizungusha bomba kidogo kidogo; ukikata kwa mkupuo mmoja kutoka juu hadi chini, msumeno utapinda tu.

Sasa laza msasa namba 120 juu ya kioo na uubandike kwa mkanda. Simamisha bomba wima juu yake, ulisugue kwa kuchora namba nane, na kila baada ya mizunguko kumi ligeuze robo mkononi. Kugeuza huko si mapambo. Mkono wa kila mtu una upande unaoegemea zaidi, na usipogeuza utanyoa upande mmoja bila kujua. Endelea na 240, kisha 400, halafu fanya ncha ya pili.

Kwa nini taabu yote hii? Kwenye 1:1, kwa f/8, kamera yenye kihisi cha mm 36 kwa 24 inakupa unene wa kama milimita moja tu ulio mkali, mbele na nyuma vikijumlishwa. Bomba la upana wa mm 45 likikosea nusu milimita upande mmoja, mteremko huo unakula sehemu kubwa ya milimita yako moja. Mtu anaona kona imefifia, anafunga tundu hadi f/22, na picha nzima inalegea.

Imekubali ikiwa umepima urefu sehemu nne za duara na tofauti haizidi mm 0.2, na bomba likisimama juu ya kioo tochi haipitishi mwanga chini yake.

Onyo. Unga wa PVC usiuvute puani. Vaa barakoa, na kamera iwe chumba kingine.

## Hatua ya 4: Toboa kifuniko

Chora duara katikati ya kifuniko, upana wake ulingane na tundu la ndani la bomba, lakini ubaki ukingo imara wa kubeba gundi. Toboa vishimo vya mm 3 kwa kufuatana, ndani kidogo ya mstari, ukate vijitenganisho, kisha maliza kwa tupa. Usiguse yale masikio matatu yanayoshika mdomo wa kamera.

Lipo jambo moja ambalo watu hugundua lenzi ikiwa imeshafika sakafuni: vifuniko vingi havina kishimo cha kupokea pini ya kufungia ya kamera. Vinashikwa kwa msuguano tu. Helios ina zaidi ya gramu 200, na mkono ukizungusha pete ya fokasi unaweza kuizungusha na adapta yote. Kwa lenzi nzito tumia badala yake kipande cha nyuma cha mirija ya makro ya bei ndogo isiyo na umeme. Kile kina mdomo wa chuma na kishimo chake. Kazi iliyobaki ni ileile, na hutoboi chochote.

Kisha osha kila kitu kwa maji na sabuni, kausha, pitisha mkanda wa karatasi kwenye kingo zote kuokota unga. Chembe ya plastiki kwenye kihisi inaonekana kwenye kila picha utakayopiga mpaka uisafishe.

## Hatua ya 5: Gundisha

Parua kwa msasa namba 120 mahali pote ambapo gundi itakaa. Epoksi haishiki kwenye uso laini, inakaa juu yake tu na siku moja inabanduka nzima. Futa kwa spiriti, subiri ikauke.

Anza na bomba na kifuniko. Weka kifuniko juu ya kioo bapa, masikio yakitazama chini. Kama masikio yanakifanya kicheze, kiegemeze kwenye ukingo wa kikombe chenye mdomo ulionyooka. Paka gundi nyembamba kwenye ncha ya bomba, likalishe katikati, lishike kwa vipande vitatu vya mkanda, kisha weka kitabu juu. Pima kutoka mezani hadi juu ya bomba sehemu nne. Kama si sawa, sogeza sasa hivi, kwa sababu kesho hakuna kusogeza.

Iache saa 24, hata kama boksi limeandikwa muda mfupi zaidi. Siku ya pili gundisha pete ya M42 upande wa juu kwa namna hiyohiyo, lenzi ikiwa imefunguliwa na kuwekwa mbali. Gundi ikiingia kwenye thredi, umeipoteza pete.

Imekubali ikiwa ukishika ncha zote mbili na kujaribu kuzipindisha husikii mlio wowote wa kukatika, na hakuna tone la gundi lililochomoza upande wa kamera. Kwa kamera za DSLR hili la mwisho ni la lazima: kile kioo cha ndani huruka juu kila unapopiga, na kikikuta tone njiani kitavunjika.

## Hatua ya 6: Tia weusi

Kama una muda wa hatua moja tu ya kufanya vizuri baada ya ile ya tatu, iwe hii.

Lenzi hutupa duara la mwanga lililo kubwa kuliko kihisi. Ukiisogeza mbele hadi 1:1, duara hilo linakuwa na upana maradufu. Kihisi kinachukua kipande cha katikati, na mwanga wote uliobaki unagonga kuta za bomba, unaruka huku na huku, kisha unashukia kwenye picha kama maziwa yaliyomwagwa juu yake. Huo ndio ukungu mweupe ambao lenzi ilibebeshwa lawama.

Watu wengi hupaka rangi nyeusi wakaridhika. Fanya jaribio hili: paka bomba rangi nyeusi isiyong'aa, iache ikauke, kisha litazame kutoka juu. Jeusi tii. Sasa lielekeze dirishani, uchungulie kwa ndani kama unayetazama kwa darubini. Ukuta uleule utakuonyesha pete ya fedha inayometa. Mwanga unaokuja kwa mlazo hurukia hata kwenye rangi iliyofubaa, na ndani ya adapta mwanga karibu wote unakuja kwa mlazo.

Dawa yake ni mahameli. Paka rangi kwanza sehemu zisizofikika, hasa ndani ya pete na ukingo wa tundu la kifuniko. Kisha kata karatasi ya mahameli kwa urefu wa bomba, ikunje, iingize, na ifungue ikiwa ndani ili ijibandike. Maungio yake yasipandane. Vuta manyoya yaliyolegea kwa mkanda mara mbili tatu, la sivyo yatahamia kwenye kihisi.

Rangi ije baada ya gundi, si kabla. Epoksi iliyopakwa juu ya rangi imeshika rangi, haijashika bomba.

Imekubali ikiwa ukichungulia dirishani unaona duara la mwanga peke yake, na kuta zimetoweka.

## Hatua ya 7: Ivishe kamera

Kamera haiitambui lenzi hii, kwa hiyo nyingi hukataa kupiga. Tafuta kwenye menyu kipengele cha kuruhusu shata bila lenzi, ukiwashe. Kama mwili wa kamera una kituliza mtikisiko, kiandikie urefu wa fokasi kwa mkono, mm 58 kwa mfano wetu.

Tundu anza na f/8. Kumbuka kwamba kwenye 1:1 namba ya kweli ni maradufu: f/8 iliyoandikwa inafanya kazi kama f/16, na mwanga unaokufikia ni robo. Ndiyo maana sipiti f/8 kwenye ukuzaji huo. Ukali unaanza kulegea.

Fokasi usiitafute kwa pete ya lenzi. Pete inabadilisha ukuzaji, na kitu kinakukimbia. Sogeza kamera nzima mbele na nyuma polepole mpaka kitu kikali kijitokeze chenyewe.

## Hatua ya 8: Majaribio matatu

Mwanga unaovuja. Funika lenzi kwa mbele, kaa penye mwanga mkali, piga sekunde 30 kwa ISO 3200. Picha iwe nyeusi kabisa. Mstari au wingu ni mwanya kwenye gundi. Utafute kwa kuweka tochi ndani ya adapta gizani.

Unyoofu. Piga ukurasa uliochapwa maandishi madogo, tundu likiwa wazi. Ili kamera iwe sambamba na ukurasa, weka kioo cha kujitazamia juu ya ukurasa na usogeze kamera mpaka lenzi ijione katikati ya skrini. Ondoa kioo, tafuta fokasi, piga. Linganisha kona nne. Zikififia zote sawa, ni tabia ya lenzi. Ikififia ya upande mmoja, ni adapta. Mara nyingi kipande chembamba cha karatasi chini ya ukingo wa pete upande huo, au mguso mwingine wa msasa, unatosha.

Ukuzaji. Piga rula. Gawanya upana wa kihisi kwa idadi ya milimita zilizoingia kwenye picha. Kihisi cha mm 36 kikionyesha milimita 36, uko 1:1. Kikionyesha 40, uko 0.9, na hakuna haja ya kukata chochote.

## Ukitaka kupita 1:1: geuza lenzi

Lenzi ya kawaida imetengenezwa ikiwa kitu kiko mbali, nacho kihisi kiko karibu. Ukipita 1:1 mambo yamegeuka, kitu ndicho kiko karibu. Kwa hiyo nayo igeuze, mbele iwe nyuma.

Hapa pete ya M42 haishiki lenzi, na kwa lenzi fupi kama ya mm 28 bomba pia si lazima; lenzi ndefu kama Helios, hasa kwenye kamera ya kina kifupi kama Sony E, bado inataka bomba ili ifike 1:1. Chukua filta ya zamani inayoingia mbele ya lenzi yako (Helios 44-2 hutumia mm 49), toa kioo chake, na ugundishe ukingo wake usio na thredi ya nje kwenye kifuniko kilichotobolewa, au kwenye ncha ya bomba ukilitumia. Thredi ya nje inabaki huru kushika lenzi. Gundi, weusi na majaribio ni yaleyale. Kadiri lenzi inavyokuwa fupi ndivyo inavyokuza zaidi: ya mm 28 ikigeuzwa inaipita mbali ya mm 50.

Lenzi ikiwa imegeuzwa, kioo chake cha nyuma kinabaki uchi na kinatazama mdudu. Fungia pete ya M42 ya mm 7 huko nyuma iwe ngao na kofia ya jua kwa pamoja. Kadiri unavyokuza zaidi ndivyo kitu kinavyokaribia mdomo wa lenzi, kwa hiyo usisogee ukiwa unatazama skrini. Tazama kwa pembeni, sogea polepole mpaka uwe karibu, ndipo uhamishe macho.